Ile Nguvu ya Kona: Ipo au Haipo?

Ndugu zangu walimu, nanyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nianze na chungwa. Uko ndani ya daladala, umekaa dirishani upande wa kushoto. Sakafuni kuna tenga la machungwa na moja limedondoka. Dereva anakata kona kulia bila kupunguza mwendo. Chungwa linakimbilia kushoto, mlangoni kwa konda, na bega lako limebanwa ubavuni mwa gari. Ukiulizwa saa ile kama kuna nguvu inayokutupa nje, utajibu ipo, na bega ni shahidi.

Sasa mwulize mama anayechoma mahindi pale konani. Yeye haoni chungwa likisukumwa na chochote. Analiona linaendelea na safari yake moja kwa moja. Gari ndilo lililopinda. Wewe hukulifuata chungwa kwa sababu ubavu wa gari ulikusukuma ndani. Gari likienda kilomita 36 kwa saa kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 20, mtu wa kilo 70 anasukumwa kwa nyutoni 350 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), kama nusu ya uzito wake. Msukumo huo wote unaelekea kwenye kitovu cha kona.

Ndiyo maana vitabu vingi huiita nguvu ya kutupwa nje kuwa ya kudhaniwa tu. Hoja yao nzito ni kanuni ya tatu ya Newton: kila nguvu ina mwenzake. Gari linakusukuma, nawe unalisukuma. Lakini chungwa limesukumwa na nani? Hakuna kitu cha kukinyooshea kidole.

Hoja hiyo naikubali. Ninachokataa ni neno "haipo", maana kuna daladala moja ambalo hatushuki: dunia. Pale Nanyuki, Kenya, kwenye ikweta, ardhi inakwenda takriban kilomita 1,670 kwa saa. (Maji ya beseni wanayoonyeshwa watalii pale, eti hubadili mzunguko ukivuka mstari, tuyaache; beseni ni dogo mno kuonyesha mzunguko wa dunia.) Mwendo huo umeitanua dunia kiunoni, hata kipenyo chake kwenye ikweta kimezidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuta Cayenne, karibu na ikweta, kwamba pendulamu, ule uzito wa saa unaobembea, iliyopimwa Paris inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Ikabidi aifupishe, maana karibu na ikweta kule kutupwa nje kunapunguza mvuto unaoibembeza. Pendulamu haina dhana.

Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Nguvu hii hukipa kila kitu, kizito kwa chepesi, mchapuko uleule, yaani badiliko lilelile la mwendo kwa kila sekunde, mahali palepale. Mvutano wa dunia nao hufanya vivyo hivyo. Einstein alilishika jambo hilo, na kufikia 1915 akawa ameuweka mvutano wenyewe katika ukoo huo huo wa nguvu za kudhaniwa. Anayeifuta nguvu ya kona kwa kuwa ni ya kudhaniwa, basi ajiandae kuifuta na ile inayoangusha embe.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi akiichora kwenye mtihani, msikimbilie kalamu nyekundu. Tazameni kwanza amesimama wapi. Kama anahesabu akiwa ndani ya gari, mpeni alama zake zote. Kama amesimama na mama wa mahindi, hapo amekosa.