Mwaminifu kwa nani? Neno "honest" katika Othello

(Mhadhara kwa walimu wa fasihi, Dodoma)

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wengine mmetoka Kondoa na Mpwapwa na basi la alfajiri, kwa hiyo sitawachosha na nadharia. Nina neno moja tu, "honest", na tamthilia moja, Othello, aliyoiandika Shakespeare mwanzoni mwa karne ya 17. Neno hilo na nomino yake yamo humo zaidi ya mara 50. Mtu mwenye msamiati kama wake harudii neno kiasi hicho kwa kukosa jingine. Mkumbuke kisa: jemadari Othello anamwamini askari wake Iago, naye Iago anamdanganya kwamba mkewe, Desdemona, anazini na Cassio, hadi Othello anamuua mkewe.

Mwanafunzi wa kidato cha sita hufungua kamusi, akaona "mkweli", akafunga kamusi. Basi Othello anakuwa bwege kwake, maana anamsifu Iago kwa ukweli wakati sisi watazamaji tumemsikia Iago tangu onyesho la kwanza akisema kwamba alivyo sivyo anavyoonekana. Kejeli hiyo ipo, sikatai. Ni ya juu juu tu.

Sikilizeni nani anamwita nani hivyo. Iago ni mshika bendera. Unaibu aliokuwa akiutaka amepewa Cassio. Othello, Cassio na hata Desdemona wanamwita "honest". Nendeni pale Mji wa Serikali, Mtumba, mtamsikia bosi akisema, "Huyu dereva wangu ni mwaminifu sana." Mliwahi kumsikia akimsifu hivyo Katibu Mkuu? Sifa hiyo hushuka, haipandi. Iago anaipokea kila siku kutoka kwa watu waliomruka cheo, na mimi naamini inamchoma kuliko tusi.

Sasa mpeni mwanamke neno lilelile. Kwa Kiingereza cha wakati ule, mwanamke "honest" ni yule asiyetoka nje ya ndoa. Ukweli wa ulimi wake si hoja. Katika tendo la tatu, onyesho la tatu, Othello anauliza kama Cassio ni "honest". Iago hajibu. Analirudisha neno kama swali: "Honest, my lord?" Wanarushiana hivyo, na hapo wanazungumzia tabia ya mwanamume, askari. Baadaye kidogo Othello anasema haamini vingine ila kwamba Desdemona ni "honest". Neno ni lilelile, ila limeshahamia kitandani, na hakuna aliyetangaza kwamba limehama. Iago hakuleta ushahidi wowote kufikia hapo. Leso ya Desdemona, ambayo Iago ataigeuza kuwa ushahidi, itakuja baadaye.

Mhakiki William Empson alilipa neno hili sura nzima katika kitabu chake cha 1951. Alikuwa amefundisha Japani na China, watu ambao Kiingereza ni cha kujifunza darasani kama kwetu. Nashuku ilimsaidia, kwani anayejifunza lugha ukubwani huuliza maswali ambayo mwenye lugha huyapita.

Na sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. "Mwaminifu" yetu inambeba mtumishi na inambeba mke, wakati "mkweli" inamwacha mke nje. Zaidi ya hapo, imezaliwa na kuamini. Ukimwita Iago mwaminifu umeshamtaja na Othello, yule anayeamini. "Honest" haina hilo. Darasani, acheni wanafunzi waweke "mwaminifu" kila mahali kwanza, kisha waoneshe ni wapi linakataa kukaa. Hapo ndipo kazi ilipo.

Chukueni mstari huu wa tendo la mwisho. Desdemona ameshauawa, uongo wa Iago umefichuka, Othello amenyang'anywa upanga. Anasema: "But why should honour outlive honesty?" Kwa nini heshima iishi kuliko uaminifu? Uaminifu wa nani? Wa Desdemona, ambao sasa anajua haukuwahi kuvunjika? Wa Iago, ambao haukuwahi kuwapo? Au wake mwenyewe? Kuna miongozo ya mitihani inayochagua jibu moja. Mimi singemnyima alama mwanafunzi atakayetaja yote matatu, mradi anioneshe kila moja limeanzia wapi. Karibuni maswali.