Paka wa Nazi: Neno Jipya na Majirani Zake

Wazee wetu shikamooni, walimu wenzangu habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie msamiati wa lugha ya pili. Nitaanzia jikoni kwetu, Mikindani, Mtwara.

Tuliwahi kukaa na mgeni aliyekuja kujifunza Kiswahili. Asubuhi moja akawa anawahadithia majirani: "Jana tumekula paka wa nazi, mtamu kweli!" Bibi akashuka kwenye mbuzi (ya kukunia nazi, msicheke tena) akaenda kumtafuta paka wetu. Akamkuta kalala zake. Mgeni alikula papa.

Wengi tungesema kakosea, basi. Mimi nasema papa alikuwa ameshaingia kichwani mwake, ila kapangishwa chumba kimoja na paka, neno alilolijua tangu siku ya kwanza. Wanaisimu huyaita maneno ya namna hii majirani: badili sauti moja, ongeza moja au punguza moja, unapata neno lingine. Paka ana mtaa mzima: pika, pata, kaka, taka, paa. Papa naye, mwongezee sauti moja tu, papai. Hilo mgeni wetu alilishika siku ileile.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa lugha Michael Vitevitch alichora mtandao wa maneno 19,340 ya Kiingereza, kila neno na majirani zake. Maneno 10,265 hayakuwa na jirani hata mmoja. 6,508 yalishikana katika kundi moja kubwa. Kwa wanafunzi wa lugha ya pili, wazo linalochunguzwa ni kwamba mwenye nacho huongezewa: neno lenye majirani wengi ndilo linalovuta jipya.

Sasa njooni kwetu. Mtoto aliyekulia kwenye Kimakonde anakuja shuleni na *kuchele* yake. Ukimfundisha neno kumekucha, lenye maana ileile, hana cha kukariri. Kasheshe ni pale mwalimu wa zamu anapokagua usafi na kusema, "Haya, kucha!" Mtoto anatazama dirishani, kwenye jua.

Kwa hiyo siku hizi siwafundishi wageni paka na papa siku moja. Namwacha paka azoeleke wiki nzima, hadi mtu amtaje bila kufikiri. Ndipo nampeleka mgeni feri, mnada wa samaki ukiwa umechangamka, akamwone papa mwenyewe na kuuliza bei.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mwalimu.