Kutoka Milimita 45 Hadi 32: Kubadili Mabehewa ya Mfano

Habari za mchana, ndugu zangu. Waliosimama nyuma sogeeni, viti vya mbele bado vipo, na vitu nitakavyoonyesha ni vidogo.

Dodoma leo ina reli mbili za kutazama. Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1000 ukipima ndani kwa ndani. SGR, ile reli mpya ya kisasa iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024, ina 1435. Anayetaka kuziunda zote mbili uani kwake kwa kipimo cha 1:32, yaani kila kitu kidogo mara 32, ana bahati ya hesabu: 1435 ukigawa kwa 32 unapata 44.8, na 1000 ukigawa kwa 32 unapata 31.25. Sasa, njia za mfano zinazouzwa kwa ukubwa huu ni za milimita 45 na za milimita 32. SGR inakaa kwenye 45 karibu bila kosa. Reli ya Kati inakaa kwenye 32 kwa kosa la robo tatu ya milimita. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye 1067 inatoka 33.3, na wengi wataiweka kwenye 32 hiyo hiyo bila mtu kugundua. Kwa hiyo Kidatu, ambako reli hizo mbili zinakutana na mzigo hauna budi kuhamishwa, kwenye mfano treni ingepita tu.

Shida ni kwamba mabehewa ya 1:32 yanayopatikana karibu yote yameundwa kwa 45. Lazima uyabane mwenyewe. Na wanaoanza hudhani kubana ni kusogeza magurudumu ndani. Magurudumu ni nusu saa ya kazi. Kinachoangusha behewa kiko juu ya magurudumu, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi. Lakini tuanze chini.

Kipimo cha kushika si upana wa njia bali mgongo kwa mgongo, yaani nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili kwenye ekseli moja. Kwa njia ya 45 ni milimita 40. Kwa njia ya 32 ni 28. Kata kipande cha chuma au cha mbao ngumu chenye urefu wa milimita 28 kamili, ukipime kwa venia, kile kipimo cha taya cha kupimia vipande vidogo, na hicho kiwe bwana wa kazi yote. Usipime kila ekseli upya kwa rula.

Hapa kuna mtego wa kwanza. Toa 40 kwenye 45, inabaki 5. Toa 28 kwenye 32, inabaki 4. Ukingo wa gurudumu, ule unaozuia lisitoke relini, umepoteza milimita moja ya nafasi. Ukiwa na kingo za milimita 2, kwenye 45 ulikuwa na 40 na 2 na 2, jumla 44, na milimita moja ya kuchezea. Kwenye 32 una 28 na 4, jumla 32. Hakuna nafasi hata ya unywele. Gurudumu litakwama kwenye kila kona na kupanda juu ya reli. Dawa yake si kupunguza mgongo kwa mgongo hadi 27, kwa sababu mahali njia zinapogawanyika gurudumu litagonga reli ya ulinzi, ile fupi inayoelekeza gurudumu kwa ndani. Dawa ni kupeleka gurudumu kwenye mashine ya kukereza na kuondoa nusu milimita mgongoni mwa ukingo, ubaki 1.5. Kama huna pa kukerezea, nunua magurudumu ya njia ya 32. Kusugua kwa tupa ni kupoteza siku: ukingo hautoki sawa mzunguko mzima, na gurudumu litayumba.

Kuchomoa gurudumu, usigonge kwa nyundo. Lishikilie juu ya taya za jiriwa zilizofunguliwa kidogo, kisha sukuma ekseli polepole kwa kipande cha shaba. Angalia kama ekseli ina ngazi, yaani sehemu nene katikati inayozuia gurudumu kwenda ndani. Ikiwa nayo, ikereze au weka ekseli nyingine ya urefu ule ule. Urefu wa ekseli usiubadili kamwe pale ambapo beringi ziko nje ya magurudumu, maana fremu ya bogi, kile kigari cha magurudumu kinachozunguka chini ya behewa, inabaki ilivyokuwa. Hata ukitazama mabehewa ya Reli ya Kati pale stesheni utaona bodi imetokeza sana nje ya reli, kwa hiyo fremu pana haiharibu sura.

Kati ya magurudumu weka bomba la kuyatenganisha. Kama kitovu cha gurudumu kimejitokeza milimita moja kila upande, bomba ni 26, si 28. Na kama njia yako inabeba umeme, bomba liwe la nailoni au plastiki. Mtu huchukua kipande cha shaba kwa sababu kinang'aa, kinagusa vitovu vyote viwili, na utengano wa umeme uliowekwa kiwandani unakufa papo hapo. Injini inasimama na lawama anapewa mwenye transfoma. Funga kwa gundi ya kushikilia vyuma au epoksi, tone dogo, na kabla haijakauka pima kwa kile kipande cha 28 mara tatu, ukizungusha ekseli theluthi ya mzunguko kila mara. Kikibana sehemu moja na kulegea nyingine, gurudumu limekaa upande.

Kwenye bogi, magurudumu yaliyosogea milimita 6 kila upande mara nyingi yatagusa boriti ya katikati. Ipunguze hadi 24 kwa msumeno wa chuma, kisha uibandike bamba la shaba la milimita moja juu, kwa sababu umeikata nguvu. Breki za mapambo zisogeze ndani au zing'oe.

Sasa juu. Shika behewa la gramu 1000 ambalo kitovu chake cha uzito, yaani pale uzito wake wote unapokutana, kiko milimita 60 juu ya reli. Kwenye 45, nusu ya njia ni 22.5. Kwenye 32 ni 16. Huhitaji vifaa kuona tofauti: weka kipande cha njia juu ya ubao wa upana wa milimita 300, kikae kwa urefu wake na behewa juu yake, uinue ukingo mmoja wa ubao. La kwanza, la 45, linaanguka ukiinua karibu milimita 105, la pili, la 32, karibu 77. Ili lile la pili lisimame kama la kwanza, kitovu cha uzito lazima kishuke kutoka 60 hadi karibu 43.

Kitashukaje? Kwa uzito unaoning'inia chini ya sakafu, milimita 20 juu ya reli. Hesabu inasema gramu 740. Flati ba, yaani chuma bapa, ya milimita 25 kwa 6 ina karibu gramu 118 kila sentimita 10, hivyo unahitaji sentimita 63. Kata vipande vitatu vya sentimita 21, uvipange sambamba kati ya bogi na bogi, skrubu mbili kila kimoja. Zungusha bogi kwa mkono hadi mwisho wake kabla ya kukaza. Anayemwaga risasi au kokoto ndani ya behewa, juu ya sakafu, anaongeza uzito na kuacha kitovu karibu pale pale.

Mnajua upepo wa hapa. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipiga ubavu wa sentimita 55 kwa 10 unasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa karibu gramu 335. Ukichukua kwamba unasukuma kwa kimo cha milimita 70, nguvu ya kupindua ni 335 mara 70, yaani 23,450. Behewa la gramu 1000 kwenye njia ya 32 linajitetea kwa 1000 mara 16, ni 16,000: limelala. Hata kwenye 45 lina 22,500 tu. Ukishaongeza zile 740, una 1740 mara 16, ni 27,840, na linasimama.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni pedi za bogi, pale bodi inapokaa. Kwenye behewa la 45 pedi zinaweza kuwa zimeachana milimita 40, na hapo ziko ndani ya reli. Ukishabana, pedi ziko nje ya reli. Njia ya uani haikai sawa. Ikipinda kidogo, uzito unahamia pedi moja, na kwa kuwa pedi hiyo iko nje ya reli, gurudumu la upande wa pili linainuka kama pembea. Zikwangue pedi za zamani, uweke mpya zilizoachana 24. Hapo, hata uzito wote wa bogi ukikaa pedi moja, gurudumu la mbali bado lina moja ya nane ya uzito. Bogi moja iache nafasi ya milimita 0.3 chini ya nati, nyingine milimita moja, na tumia nati inayojifunga yenyewe. Zote mbili zikikazwa, behewa linatembea kwa magurudumu ya kona mbili tu.

Kiunganishi kilichofungwa kwenye bogi kihamishie kwenye bodi. Treni ikisukumwa nyuma, nguvu inayokuja kwa upande hugeuza bogi nyembamba kirahisi kuliko ile pana. Beringi za plastiki zisiwekewe oili kwenye vumbi letu. Sugua ncha za ekseli kwa penseli laini ya 6B.

Kujaribu, usianze na injini. Panga mabehewa manane, lililokwisha kubadilishwa liwe la pili, uyasukume kwa mkono kinyumenyume kwenye kona mbili zinazofuatana, moja kushoto na moja kulia. Likitoka relini, rudi kwanza kwenye zile pedi, kisha kwenye kipande cha 28. Kiko hapa mezani, na ubao wa 300 uko pale. Anayetaka kuliangusha behewa aje.