Nyuma ya Namba za Marejeo: Kupima Kazi ya Mtafiti wa Lishe na Kisukari

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nianze na namba ambayo kamati nyingi za kupandisha vyeo huikimbilia: kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. H ni idadi kubwa kabisa ya makala za mtu ambazo kila moja imerejelewa angalau mara idadi hiyohiyo. Tukikokotoe hapa ubaoni. Mtafiti ana makala sita. Moja imerejelewa na wengine mara 90, inayofuata mara 40, kisha 12, 5, 3 na 2. Makala zake nne zimerejelewa angalau mara nne kila moja, lakini hazifiki tano zilizorejelewa angalau mara tano. Basi h yake ni 4. Sasa futeni ile 90, andikeni 9,000. H ni 4 vilevile. Makala hiyo huenda imebadilisha matibabu ya ugonjwa mzima, na kipimo hakikutikisika.

Sisemi tuzitupe namba. Nasema tuulize waliorejelea walikuwa wanatafuta nini.

Mwaka 1985 David Matthews na wenzake wa Oxford walichapisha katika jarida la Diabetologia njia ya kukadiria ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia vyema insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kipimo kilichoaminika zaidi wakati huo kilimlaza mtu kitandani kwa saa kadhaa, anatiwa insulini na glukosi kwenye mishipa huku damu ikichukuliwa tena na tena. Wao walitosheka na damu ya asubuhi, mtu akiwa hajala. Kwa umbo lake rahisi, unazidisha glukosi, kwa milimoli kwa lita, na insulini, kwa mikrouniti kwa mililita, kisha unagawanya kwa 22.5. Basi. Makala hiyo imerejelewa maelfu kwa maelfu ya mara, na wengi wanaoitaja hawana hoja yoyote nayo. Wanaitumia kama fundi anavyotumia futi kamba. Naiheshimu sana kazi ya namna hii. Aliyewapa wenzake kifaa amewafungulia njia watafiti ambao wasingeweza kamwe kumudu kile kipimo cha kitandani.

Linganisheni na makala ya David Jenkins na wenzake wa Toronto, ya mwaka 1981. Walijaribu vyakula na sukari 62 kwa vikundi vya watu wazima wa afya, watano hadi kumi kila kimoja, wakapima sukari ya damu inavyopanda baada ya kula. Ikadhihirika kwamba vyakula vyenye kiasi kilekile cha wanga havipandishi sukari kwa kiwango kimoja. Hapo ndipo ilipozaliwa fahirisi ya glaisemia, namba inayoonyesha chakula kinavyopandisha sukari ya damu, na mabishano juu yake hayajaisha hadi leo. Kuna wanaoirejelea kwa kuikubali, kuna wanaoirejelea kwa kuipinga, na hesabu inawaweka wote kapu moja.

Kuhusu wingi wa makala, fani yetu ina jambo lake. Utafiti wa wauguzi wa Marekani ulioanza mwaka 1976 uliandikisha wauguzi zaidi ya 120,000, na maswali ya lishe yakaongezwa mwaka 1980. Kundi moja kama hilo likifuatiliwa miongo kadhaa huzaa mamia ya makala, kila moja na orodha ndefu ya waandishi. Ni haki yao, maana kulinda takwimu hizo ni kazi ya umri mzima. Lakini kumlinganisha mtafiti wa huko na mwenzake anayeendesha jaribio dogo peke yake ni kumwonea huyu wa pili.

Tena kuna jambo linaloniuma. Jaribio la PREDIMED la Hispania, lililohusu ulaji wa Kimediterania na magonjwa ya moyo, lilichapishwa mwaka 2013 na likarejelewa kila mahali. Mwaka 2018 waandishi wenyewe waliiondoa makala ile. Baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama ilivyodaiwa: watu wa nyumba moja waliwekwa kundi moja, na katika kituo kimoja kliniki nzima zilipewa ulaji mmoja. Wakafanya uchambuzi upya, matokeo yakakaribiana na ya awali, wakachapisha tena kwa lugha ya tahadhari zaidi. Huo ni uungwana wa kisayansi. Lakini marejeo ya toleo la kwanza hayafutiki. Mwanafunzi, kabla hujarejelea, fungua ukurasa wa jarida lenyewe uone kama makala bado imesimama.

Na mchango mwingine hauingii kwenye hesabu hizi kabisa. Mwaka 2002 jaribio la Marekani la kuzuia kisukari, lenye washiriki 3,234, lilionyesha kwamba kupunguza uzito na kufanya mazoezi kulipunguza wanaopata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58, na dawa ya kisukari iitwayo metformini kwa asilimia 31. Baadaye Marekani na Uingereza zilianzisha programu za kitaifa juu ya msingi huo. Wakufunzi wanaokaa na watu kila wiki wakiwafundisha kula na kutembea hawaandiki makala, kwa hiyo matumizi yao ya utafiti ule hayahesabiwi na kanzidata yoyote ya marejeo.

Ndiyo maana naziomba kamati zetu zimtake mwombaji alete makala zake tatu tu, na kwa kila moja aandike aya fupi: nani ameitumia, kwa kazi gani, na mwongozo gani wa matibabu umebadilika. Kisha wanakamati wazisome makala hizo, wote, kabla ya kikao.

Sasa nakaribisha maswali.