Kidevu Kikichanika, Tazama Taya

Wakubwa wangu shikamooni. Wauguzi na matabibu wenzangu, na nyinyi wazazi mliotoka Tukuyu na Uyole alfajiri, asanteni kwa kuja.

Nianze na kidevu. Mtoto kaanguka kutoka kwenye mparachichi, kidevu kimetangulia chini. Analetwa anavuja damu. Tunaosha, tunashona nyuzi tatu, tunamruhusu. Hapo ndipo tunapowaumiza watoto. Pigo la kidevu hupanda na taya hadi kwenye kiungo, mbele tu ya sikio, na shingo ya mfupa pale ni nyembamba, rahisi kuvunjika. Kabla hujashika sindano, weka vidole mbele ya masikio yote mawili, mwambie apanue mdomo. Kidevu kinakwenda upande? Akiuma, meno yanakutana kama zamani? Muulize mama, yeye ndiye anayelijua tabasamu la mwanawe.

Watu wakisikia taya limevunjika wanawaza nyaya na vyuma. Kwa mtoto, mara nyingi havihitajiki. Mfupa wake ni kama kitawi kibichi cha mpera: hupinda, ukachanika upande mmoja, wa pili ukashikilia. Na ndani ya taya yamelala machipukizi ya meno ya ukubwani. Skrubu ikipita hapo, jino huweza kuharibika kabla halijaota. Tena mfupa huo huunga upesi, kwa kawaida wiki 2 hadi 3, na kiungo huweza kujichonga upya kadiri mtoto anavyokua.

Basi kama meno yanakutana vizuri, mpe dawa ya maumivu na chakula laini: uji wa ulezi, mtori, parachichi la kuponda. Kande zisubiri. Meno yasipokutana, au mfupa umehama sana, mpe rufaa siku hiyohiyo; wapo wanaohitaji kufungwa meno ya juu na ya chini pamoja, au kupasuliwa.

Ila kiungo kikivunjika, msimfunge mdomo muda mrefu. Ikibidi, siku 7 hadi 10 zinatosha, kisha afanye mazoezi. Nimewahi kumpokea binti wa miaka 6 mwenye kovu safi kabisa kidevuni, kazi nzuri ya mshonaji, lakini mdomo haupitishi kijiko. Kiungo kilikuwa kimeganda. Mama yake alikuwa akimnywesha uji kwa mrija. Sijamsahau.

Kwa hiyo mama, chukua vijiti vya aiskrimu, vipange kimoja juu ya kingine, avibane katikati ya meno ya mbele. Leo vinane, keshokutwa tisa. Andika idadi kwenye daftari la kliniki, uje nalo wiki ijayo. Na hata akipona, mlete kila mwaka mpaka amalize kukua, tuone kama kidevu bado kiko katikati.