Kinundu cha Pafu Husomwa kwa Picha Mbili

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, asalaam aleikum. Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi jioni hii hapa Ngamiani, maana jambo hili limenikaa moyoni siku nyingi.

Mtu kapata ajali ya bodaboda, kapigwa picha ya CT ya kifua, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Majibu yanatoka: mbavu nzima, lakini chini kabisa pameandikwa "kinundu, pafu la kulia, milimita 7". Neno hilo moja linawakosesha usingizi watu wa nyumba nzima. Kila anayesomewa anasikia saratani.

Tazameni sahani hii. Hii choroko ina milimita 4 au 5. Hii kunde, kama 8. Kinundu ni doa la mviringo ndani ya pafu lisilozidi milimita 30. Likizidi hapo tunaliita uvimbe, na shughuli yake ni nyingine. Vingi tunavyokutana navyo ni vya kiasi cha hizi mbegu, na vilivyo vingi si saratani. Kwetu, ambako kifua kikuu kimeishi na watu vizazi na vizazi, mara nyingi ni kovu tu: mwili ulipambana na vijidudu, ukavizungushia ukuta, na ukuta ukashika chokaa. Chokaa ikijaa kinundu chote, huonekana cheupe kama mfupa, na hapo roho hutulia.

Kinachotupa kazi ni kile kisicho na chokaa. Picha moja inakuonyesha kilipo, haikwambii kinaelekea wapi. Ndiyo sababu unaambiwa urudi. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner, chama cha wataalamu wa picha za kifua, ambao madaktari wengi wa picha duniani huufuata, unasema kinundu kigumu kimoja, yaani kilichojaa kote kisichopitisha mwanga kama ukungu, chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa ya saratani, hakihitaji kufuatiliwa. Cha 6 hadi 8, rudia picha baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi 8, huenda ukaitwa baada ya miezi 3, au ukachukuliwa kinyama kikapimwe. Hayo ni kwa wenye miaka 35 na zaidi, wasio na saratani wala upungufu wa kinga. Hao wengine hupangiwa na daktari wao.

Sasa rudini kwenye sahani. Kinundu kikitoka milimita 8 kikafika 10, kwa jicho ni kitu kidogo. Lakini kinundu ni tufe, kinanenepa pande zote, na ujazo wake hapo umekaribia maradufu. Saratani nyingi za vinundu vigumu hujiongeza maradufu hivyo kati ya siku 100 na 400, kwa hiyo kigumu kilichotulia miaka 2 kwa kawaida tunakiacha. Vile vinavyoonekana kama ukungu huenda taratibu sana, na hufuatiliwa hadi miaka 5. Na msishtuke majibu yakisema 7 imekuwa 8: pumzi uliyovuta siku ile, au mkono wa mpimaji, vyatosha kuleta tofauti hiyo. Pimeni kwa namna ileile, ikiwezekana kwa mashine ileile.

Mama mmoja wa Chumbageni alikuja kwangu na kinundu cha milimita 7, ameshaanza kugawa vyombo vyake. Nikamuuliza, umewahi kupiga CT? Akasema miaka minne nyuma, basi lilipopinduka. Hospitali aliyotibiwa ikasema picha zake hazionekani. Niliumia, maana jibu lake lote lilikuwa mle. Mwanawe akaenda kupekua kabati, akarudi na bahasha imeliwa pembe na panya, ndani mna diski. Tukaiweka. Kinundu kilekile, mahali palepale, milimita 7. Yule mama aliishika meza kwa mikono miwili, hakusema kitu.

Basi picha zenu ziombeni, diski na ripoti, na mziweke pamoja na hati ya nyumba. Tarehe ya kurudi iandikeni juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, ili na mjukuu aweze kuwasomea.

Sahani naipitisha kuanzia mbele. Mzishike hizo mbegu. Mzee wa kule nyuma alinyoosha mkono tangu nilipotaja sigara nje, kabla hatujaanza. Karibu, mzee wangu, uliza.