Kujenga mfano wa meli ya kivita Graf von Götzen kwa kipimo cha 1:200

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani nina kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 3, karatasi za manila, gundi nyeupe ya mbao, vibanio vya nguo na sindano moja ya kushonea, na kwa vitu hivyo tutajenga mfano wa Graf von Götzen, meli ambayo leo inajulikana kwa jina la Liemba. Nimeichagua kwa sababu ilipita hapa Dodoma kabla haijaelea popote: iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na huko ikaungwa upya na kushushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Tutaijenga ikiwa katika vazi lake la vita, yenye mzinga sitahani, wala si kama abiria wa Ziwa Tanganyika walivyoizoea miaka ya baadaye. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kushika msumeno, maana anayechanganya picha za nyakati tofauti hupata meli ambayo haijawahi kuwapo.

Kipimo chetu ni 1:200, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 200. Meli yenyewe ina urefu wa takriban mita 71 na upana wa takriban mita 10, kwa hiyo mfano wetu utakuwa na urefu wa sentimita 35 na nusu na upana wa sentimita 5. Bandikeni ukutani hesabu hii ndogo: mtu wa mita 1.70 anakuwa milimita 8 na nusu, na kizuizi cha pembeni mwa sitaha chenye kimo cha mita moja kinakuwa milimita 5. Mimi hukata mtu wa karatasi wa kimo hicho na kumsimamisha kila mahali ninapofanya kazi. Mlango usiompitisha ninaung'oa.

Tuanze na ganda, yaani mwili wa meli. Meli yangu ya kwanza niliichonga kutoka gogo moja la msonobari lililoonekana kavu, nikaipiga msasa ikang'aa, na kufikia Agosti ilikuwa imepasuka kuanzia omo, yaani mbele, hadi katikati. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi hunyonya unyevu wote uliobaki ndani ya mbao, na mbao nzima ikisinyaa upande mmoja haina budi kupasuka. Plaiwudi haina tabia hiyo, kwa kuwa tabaka zake zimegandishwa nyuzi zikikingamana. Mabaki yanatosha, seremala yeyote wa mtaani atakupa kwa bei ndogo, na pengine bure ukimweleza unachojenga.

Kateni kwanza bamba la chini linalofuata umbo la meli pale mstari wa maji unapopita, kwa sababu mfano huu hautakuwa na sehemu iliyo chini ya maji. Katikati ya bamba simamisheni ubao mmoja mrefu kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya meli, kisha pangeni mataruma 11 kila baada ya sentimita 3. Mafundi wa majahazi huita mbavu za chombo mataruma, na watu wa reli huita hivyohivyo vile vipande vinavyolala chini ya vyuma vya njia ya treni. Kwa meli hii, neno moja limebeba safari yote. Hakikisheni kila taruma limesimama wima kwa kutumia kipande cha boksi chenye pembe mraba, kwa sababu kosa la nusu milimita hapa litaonekana kama kibyongo ubavuni.

Gundi ikishakauka, funikeni mbavu kwa vipande vya manila vyenye upana wa sentimita moja na nusu, mkianzia chini kwenda juu. Matundu ya madirisha ya duara toboeni kwa ncha ya bikari kabla ya kubandika, karatasi ikiwa imelala juu ya kipande cha kandambili kuukuu. Paka gundi iliyoongezwa maji kidogo juu ya ganda lote, acha likauke, kisha rudia mara mbili. Manila itakuwa ngumu kama kibati na itakubali msasa namba 400.

Hapa niseme neno juu ya ribiti, yaani pini za chuma zinazounganisha mabamba ya meli. Mabamba ya Götzen yalipigwa ribiti Kigoma, na wajenzi wengi hutamani kuonyesha kila moja. Kichwa cha ribiti cha sentimita 3 kwa kipimo chetu ni milimita 0.15, yaani hakionekani, na vinundu vya gundi mtakavyoviweka vitafanya meli ifanane na ndui. Mistari ya maungio ya mabamba, iliyokwaruzwa kidogo kwa ncha ya wembe, inatosha kabisa.

Sitaha, vyumba vya juu na daraja la nahodha ni visanduku vya manila vya kawaida, sitawachelewesha navyo. Bomba la moshi ni moja tu. Pima kipenyo chake kwenye mchoro wa meli uliopunguzwa kwa kipimo chetu, zungushia karatasi kwenye kalamu inayolingana nacho, na bandika. Mlingoti ni kijiti cha mshikaki kilichopunguzwa kwa msasa kikielekea nchani.

Sasa sogeza kamera karibu, maana tumefika kwenye mzinga. Mzinga mkubwa wa Götzen ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Tundu la mtutu wake lilikuwa la sentimita 10.5 na urefu wake mara 40 ya tundu hilo, yaani mita 4.2. Kwetu ni milimita 21, na sindano ya kushonea ya ukubwa wa kati ina unene unaofaa sana. Ikate kwa koleo ukiwa umeifunika kwa kitambaa, kwa sababu kipande kitaruka na macho hayana akiba. Upande wa nyuma zungushia ukanda mwembamba wa karatasi mara tatu ili unene uongezeke, kisha ikalishe juu ya kitako cha mviringo kwenye sitaha ya omo. Anayeogopa sindano anaweza kuchonga kijiti cha kuchokonolea meno, na asione haya: mwaka 1916 mizinga iliondolewa ikapigane nchi kavu, na mahali pake pakawekwa ya mbao ili kumdanganya adui.

Rangi ninayotumia ni kijivu kilichoongezwa nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu kidogo kikipakwa rangi nzito hufanana na kitu cha kuchezea. Pakeni asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza, na mnyunyize maji sakafuni kwanza ili vumbi litulie. Rangi ya kopo la kupuliza hukauka angani kabla ya kufika kwenye meli wakati wa mchana mkavu, na ganda hubaki limekwaruza kama ulimi wa paka. Ndiyo maana mimi hutumia brashi laini na rangi iliyozimuliwa, tabaka tatu nyembamba. Kila mkimaliza tabaka moja, funikeni meli kwa beseni.

Kamba za mlingoti zije mwisho. Uzi wa pamba una manyoya, kwa hiyo chukueni unywele mmoja wa rasta za kusukia, ubandikeni ncha zote mbili ukiwa umelegea kidogo, kisha pitisheni kijiti cha udi kinachowaka kwa umbali wa sentimita moja hivi bila kuugusa. Tazameni: unajikunja, unanyooka, umekaza. Msikae hapo hata sekunde moja zaidi, utakatika.